Jora la marekani lilifumwa na nani?

TUIJUE DUNIA: Safu ya kila Jumapili

Juma lililopita nilimpeleka binti yangu, aliye darasa la sita, kwa fundi cherehani wa mtaani kwetu ili tushonewe foronya mbili. Fundi akateremsha jora la kitambaa cheupe kizito, kisichotiwa rangi wala nakshi, akalipima kwa mkono wake na kusema, "Marekani hii itawafaa, haichaniki upesi." Mtoto akanitazama, akanyamaza kwa adabu. Njiani kurudi nyumbani ndipo aliponiuliza: "Baba, nguo ile imetoka Marekani kweli?" Nikamjibu kwamba imefumwa kwingine, na kwamba kilichobaki ni jina tu. "Basi jina hilo lilikujaje?" Nikasema nitamweleza baadaye, jibu ambalo sisi wazazi hulitoa tunapokuwa hatuna jibu.

Makala ya leo ndiyo hiyo "baadaye" niliyomwahidi.

Ndugu msomaji, jawabu la swali la mtoto haliko Washington wala New York. Liko katika jimbo moja dogo la kaskazini mashariki ya Marekani, jimbo la Massachusetts. Wenyeji wa huko wanapenda sana kuwaonyesha wageni majengo yao ya kale. Mjini Boston, ambao ndio mji mkuu wa jimbo, umechorwa ardhini mstari mwekundu wenye urefu wa kilomita 4, na anayeufuata hupitishwa mahali 16 palipotokea mambo ya vita vya uhuru wao vya karne ya 18. Ni mstari mzuri, nao una mafunzo yake. Lakini leo sisi hatutaufuata huo. Tutaufuata uzi wa jora la fundi, kutoka pwani yetu hadi huko, tuone unapita katika milango ya nani.

GATI NA FORODHA

Kituo chetu cha kwanza ni Salem, mji wa bandari ulio kiasi cha kilomita 25 kutoka Boston. Wengi wanaoujua mji huu huujua kwa kisa cha mwaka 1692, ambapo watu 19 walinyongwa kwa kusingiziwa uchawi, na mzee mmoja akafa kwa kulundikiwa mawe kifuani. Ni kisa cha kuhuzunisha, na wenyeji wamewajengea marehemu hao mahali pa kumbukumbu. Sisi hata hivyo tuna shughuli ufukweni.

Hapo ufukweni lipo gati la Derby, lililoingia baharini zaidi ya mita 600. Mbele ya gati pana jengo la forodha la mwaka 1819, na juu ya paa lake ameketi tai aliyepakwa rangi ya dhahabu. Mwandishi mashuhuri Nathaniel Hawthorne alikuwa ofisa katika forodha hiyo toka mwaka 1846 hadi 1849. Mbali kidogo, katikati ya mji, ipo makumbusho ambayo chanzo chake ni chama cha manahodha kilichoundwa mwaka 1799. Masharti ya kuingia katika chama hicho hayakuwa mepesi: sharti uwe umesafiri kwa jahazi ukaizunguka rasi ya kusini ya Afrika au ile ya kusini ya Amerika. Manahodha hao walirudi na vitu vya ajabu kutoka nchi za mbali, wakaviweka pamoja ili watu wa kwao wavione.

Miongoni mwa nchi hizo za mbali ilikuwemo Unguja. Tarehe 21 Septemba, 1833, mjumbe wa Marekani aitwaye Edmund Roberts alitia sahihi mkataba na Seyyid Said bin Sultan huko Maskati. Kwa mkataba huo Waamerika waliruhusiwa kufanya biashara katika nchi zote za Seyyid, wakilipa ushuru wa asilimia 5 tu kwa bidhaa walizoshusha. Mwaka 1837 akafika Unguja balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, naye alikuwa mwana wa Salem. Kwa miaka kadhaa iliyofuata, merikebu za Salem zilitia nanga Unguja zikishusha nguo, baruti na bunduki, na kupakia pembe za ndovu, sandarusi na ngozi.

Nguo hiyo ndiyo jora la fundi wetu. Ilikuwa nguo ya pamba, nene, imara, isiyoficha kasoro zake kwa wanga kama nguo nyingine zilizouzwa siku hizo. Watu wa pwani na wa bara wakaipenda, wakaiita kwa jina la waliokuja nayo: merikani, amerikani, marekani. Haikuishia kuwa vazi. Katika njia za misafara ya bara ikawa fedha kamili. Chakula cha wapagazi kilinunuliwa kwa mikono ya nguo. Hongo ya mtawala aliyepitiwa nchi yake ililipwa kwa shuka na doti. Mwenye majora alikuwa mwenye akiba.

Huyu Waters anastahili kutazamwa kidogo. Alitoka katika watu waliouchukia utumwa, na yeye mwenyewe hakupendezwa na utumwa aliouona Unguja. Hata hivyo alikuwa balozi na mfanyabiashara kwa wakati mmoja. Alishirikiana kwa karibu na Jairam Shivji, tajiri aliyekuwa amekodi kazi ya kukusanya ushuru wa forodha ya Unguja. Pembe walizouziana zilifika pwani mabegani mwa wapagazi, na wapo miongoni mwao waliokuwa watumwa. Waters alipoondoka Unguja katikati ya miaka ya 1840 alikuwa mtu mwenye mali. Chuki yake kwa utumwa ilikuwa ya kweli, na faida yake ilikuwa ya kweli pia. Hilo lishike, ndugu msomaji, kwa maana tutalikuta tena mbele ya safari.

Kabla ya kuondoka Salem tupite katika barabara ya Essex, tuione maktaba ya mji. Ni jumba la fahari la matofali. Lilikuwa makazi ya John Bertram, nahodha aliyegeuka tajiri, na biashara ya Unguja ilikuwa moja ya njia zilizomtajirisha. Alifariki mwaka 1882, na warithi wake wakaitoa nyumba hiyo ili iwe maktaba ya umma. Yeye mwenyewe alikuwa amesaidia kuanzisha hospitali ya mji. Watoto wa Salem husoma vitabu vyao vya hadithi ndani ya jumba ambalo sehemu ya gharama yake ililipwa kwa pembe na sandarusi za Afrika ya Mashariki. Hakuna ubaya mtoto kusoma humo. Ubaya ni asomapo bila ya kuambiwa.

KENGELE YA ALFAJIRI

Merikebu za Salem ziliibeba nguo. Walioifuma walikuwa wapi? Baadhi walikuwa Salem penyewe, katika kiwanda kikubwa kilichoendeshwa kwa mvuke tangu mwaka 1847. Lakini mji ulioufundisha jimbo zima kufuma kwa mitambo uko mbali na bahari, kiasi cha kilomita 40 kaskazini magharibi ya Boston. Mji huo ni Lowell.

Umepewa jina la Francis Cabot Lowell, mfanyabiashara aliyezuru Uingereza kati ya mwaka 1810 na 1812 na kuvitembelea viwanda vya nguo. Waingereza hawakuruhusu michoro ya mitambo yao itoke nchini, kwa hiyo mgeni huyo akaitia akilini. Aliporudi kwao akashirikiana na fundi hodari, na mwaka 1814 kiwanda chao kikafanya kazi katika mji wa Waltham: pamba iliingia mlango mmoja ikiwa mafungu, ikatoka mlango mwingine ikiwa nguo. Lowell mwenyewe alifariki mwaka 1817. Wenzake ndio waliofika kwenye maporomoko ya mto Merrimack, wakachimba mifereji ili maji yazungushe magurudumu, wakajenga viwanda mahali palipokuwa na mashamba machache. Kufikia mwaka 1840 mji huo ulikuwa na watu zaidi ya 20,000.

Mgeni wa leo anaweza kuingia katika kiwanda cha Boott, kilichoanzishwa mwaka 1835, ambacho sasa ni makumbusho. Katika ukumbi mmoja mitambo ya kufumia ya zamani bado huwashwa, na kabla ya kuingia wageni hupewa vitu vya kuziba masikio. Ndugu zetu waliopata kufanya kazi katika viwanda vya nguo hawahitaji kuelezwa sababu. Sakafu hutetemeka, na mtu husema na mwenziwe kwa ishara za mikono.

Walioisimamia mitambo hiyo katika miaka ya 1830 walikuwa hasa wasichana. Walitoka katika familia za wakulima za majimbo ya jirani, wengi wakiwa na umri wa miaka 15 hadi 30, na wengine wakiwa watoto kabisa. Kampuni iliwalaza katika mabweni yake, chini ya uangalizi wa wanawake watu wazima, ghalibu wajane. Kengele iliwaamsha alfajiri. Kengele iliwapeleka kula. Kengele iliwarudisha kazini. Kwa juma walifanya kazi zaidi ya saa 70. Madirisha yalifungwa ili hewa iwe na unyevu na nyuzi zisikatike, na vumbi la pamba waliingia nalo mapafuni. Hata hivyo walipata fedha zao wenyewe, jambo ambalo mama zao hawakulijua. Jioni walisoma vitabu, walihudhuria mihadhara, na kwa miaka kadhaa walitoa jarida lililoandikwa na wao wenyewe.

Mwezi Februari 1834 kampuni zilitangaza kupunguza mishahara. Wasichana mamia kadhaa wakaacha mitambo, wakatoka nje na kuandamana. Mgomo ulikwisha baada ya siku chache bila ya kufaulu. Mwaka 1836 kampuni zikapandisha malipo ya chakula na malazi ya bweni, ambayo ni namna nyingine ya kupunguza mshahara. Safari hii waliotoka walikuwa wengi zaidi.

Katika chumba kimoja cha kiwanda alikuwemo mtoto wa miaka 11, Harriet Hanson. Baba yake alikuwa amefariki, na mama yake alikuwa mwangalizi wa bweni la kampuni. Wasichana wakubwa wa chumba hicho walisimama wakisitasita, wakiulizana kama watoke au wasitoke. Mtoto Harriet akasema yeye anatoka, iwe iwavyo, akashika njia. Alipogeuka nyuma aliwaona wote wanamfuata. Miaka mingi baadaye, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1898, aliandika kwamba hakupata tena katika maisha yake fahari iliyoishinda ile. Lakini gharama ilikuwapo. Kampuni ilimwondoa mama yake katika uangalizi wa bweni, kwa hoja kwamba mzazi anapaswa kumzuia mwanawe. Mjane alilipia hatua za mtoto wake.

Mgomo huo wa pili haukupotea bure, kwani baadhi ya kampuni zilirudisha malipo ya zamani ya bweni. Kisha akatokea mfanyakazi mwingine, Sarah Bagley, aliyeongoza chama cha wafanyakazi wanawake wa Lowell. Mwaka 1845 wafanyakazi walipeleka kwenye baraza la kutunga sheria la jimbo hati za maombi zenye sahihi zaidi ya 2,000, wakitaka siku ya kazi isizidi saa 10. Bagley na wenziwe walisimama mbele ya kamati, wakaeleza habari za moshi wa taa, hewa nzito na vifua vibovu. Kamati ikajibu kwamba kupanga saa za kazi si kazi ya baraza. Sheria ya saa 10 kwa wanawake na watoto ilipitishwa katika jimbo hilo mwaka 1874, yaani miaka 29 baadaye.

Miaka ambayo Sarah Bagley alikuwa akikusanya sahihi ilikuwa karibu na ile ambayo balozi Waters alikuwa akipokea majora Unguja.

PAMBA ILITOKA WAPI?

Hapa uzi wetu unaingia mahali pagumu. Massachusetts ni nchi ya theluji, wala pamba haioti huko. Pamba ya Lowell ilitoka katika majimbo ya kusini, na waliolima na kuichuma walikuwa watumwa, Waafrika na wana wa Waafrika. Na nguo nyingine ilirudi kusini kulekule: nguo duni iliyonunuliwa na wenye mashamba ili kuwavika watumwa, hata huko kusini nguo ya namna hiyo ikaitwa kwa jina la mji wa Lowell. Mtu alichuma pamba kwa kulazimishwa, akaivaa ikiwa imegeuzwa nguo ya dhiki yake.

Wapo wenyeji waliolisema jambo hili waziwazi. Charles Sumner, mwanasheria wa Boston ambaye baadaye alikuwa mbunge wa jimbo katika Seneti, alitamka mwaka 1848 kwamba pana ushirika mwovu kati ya mabwana wa mjeledi wa kusini na mabwana wa mitambo ya kufumia wa kaskazini. Mwaka 1856 mbunge mmoja wa kusini alimpiga kwa fimbo ndani ya ukumbi wa Seneti mpaka akazirai, kwa sababu ya hotuba aliyoitoa dhidi ya utumwa. Sanamu yake imesimama katika bustani ya umma ya Boston.

Msomaji atauliza: je, Massachusetts halikuwa jimbo lililofuta utumwa mapema? Naam, lilifuta. Na aliyesaidia kulifutia utumwa hakuwa bwana yeyote mwenye jumba. Kumwona inatubidi tuvuke jimbo zima hadi mwisho wake wa magharibi, katika kijiji cha Sheffield. Ipo huko nyumba ya mbao ya John Ashley, aliyekuwa mwenye ardhi na jaji. Mwaka 1773, katika chumba cha juu cha nyumba hiyo, waheshimiwa wa kijiji waliandika tamko kwamba watu wote ni sawa na wana haki ya uhuru wao. Chini yao, jikoni, alikuwapo mtumwa mwanamke aliyeitwa Bett.

Siku moja bibi wa nyumba alimrukia kwa hasira ndugu wa Bett akiwa na koleo la moto. Bett akauweka mkono wake katikati. Mkono ukaumia usipone sawasawa, naye hakulificha kovu lake. Aliyetaka kujua habari zake aliambiwa akamwulize bibi. Mwaka 1780 jimbo likapata katiba iliyosema kwamba watu wote wamezaliwa huru na sawa. Bett, asiyejua kusoma, alikuwa na masikio. Akamwendea mwanasheria Theodore Sedgwick, akamwuliza kama maneno hayo yanamhusu na yeye. Mwezi Agosti 1781, katika mahakama ya Great Barrington, wazee wa baraza waliamua kwamba yeye na mwenziwe aitwaye Brom si watumwa, na Ashley awalipe fidia ya shilingi 30. Bett akajiita Elizabeth Freeman, maana yake mtu huru. Ashley alimwomba arudi kumfanyia kazi kwa mshahara, akakataa. Kesi yake, pamoja na ile ya Quock Walker iliyomalizika mwaka 1783, ziliung'oa utumwa katika jimbo hilo. Sensa ya mwaka 1790 haikuandika mtumwa hata mmoja Massachusetts. Mama huyo alifariki mwaka 1829, na mwaka 2022 Sheffield ilimsimamishia sanamu.

Basi jimbo lililomsikiliza Bett mwaka 1781 ndilo lililotajirika miaka 50 baadaye kwa pamba ya watumwa wa majimbo mengine. Lilisafisha ua wake, likanunua mavuno ya ua wa jirani. Ni yaleyale tuliyoyaona kwa balozi Waters.

Mwaka 1868 katika mji uleule wa Great Barrington alizaliwa mtoto mweusi aliyekuja kuwa mwanachuoni mkubwa, W. E. B. Du Bois, baba wa mikutano ya umoja wa Waafrika, aliyefariki Accra mwaka 1963. Katika kitabu chake cha mwaka 1935 alieleza kwamba kazi ya mtu mweusi ilikuwa msingi wa viwanda vya kaskazini sawa na ilivyokuwa msingi wa mashamba ya kusini. Mwaka 1969, walipokuwa wakiweka wakfu mahali pa kumbukumbu yake, baadhi ya wenyeji walipinga kwa sababu alikuwa amejiunga na chama cha Kikomunisti. Siku hizi mahali hapo ni alama ya taifa.

JINA LILILOBAKI

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, vilikata njia ya pamba. Viwanda vya kaskazini vikapungukiwa, na nguo ya Salem na Lowell ikaadimika Unguja. Nguo za Uingereza na za Bombay zikashika nafasi yake sokoni. Lakini jina lilikuwa limekwisha kuzoeleka, nalo halikung'oka hadi leo katika duka la fundi wetu.

Nilipomaliza kumsimulia binti yangu haya yote, alikaa kimya kidogo, kisha akauliza: "Sasa kwa nini isiitwe kwa jina la Bett, au la Harriet, au la waliochuma pamba? Wao ndio walioshughulika." Nikamweleza kwamba nguo huitwa kwa jina la aliyeileta sokoni. Akasema hilo si jibu zuri. Sikumbishia.

Wazazi wenzangu, sisi nasi tuna magati yetu, maboma yetu na maghala ya zamani tunayoyapita kila siku tukienda kazini. Jumapili moja mchukue mtoto, msimame mbele ya jengo moja la kale, umwulize mambo matatu: ni nani aliyelipia, ni nani aliyelijenga kwa mikono yake, na ni nani ambaye jina lake halikuandikwa ukutani. Kama nawe hujui, nendeni pamoja kwa mzee wa mtaa mkaulize.

Foronya zetu zimekwisha kushonwa. Mtoto ameandika kwa kalamu, katika pembe ya ndani ya foronya yake, jina la Harriet. Mama yake amekasirika kidogo, lakini hajaifua.